Mgeni wa Siku Moja: Kirongozi na Usimulizi wa Njia katika Kijiji cha Lindi, Kibera

Uhakiki wa fasihi simulizi katika Afrika Mashariki umezoea kumtafuta mtambaji mahali pa jioni: kando ya moto, barazani, arusini au matangani. Aghalabu mtambaji huyo ni mzee, hadhira yake ni watu wa nyumbani, na malipo yake ni heshima. Ipo, hata hivyo, aina ya usimulizi ambayo uhakiki huo umeipita bila kuitupia jicho, pengine kwa sababu inatendeka mchana, katika lugha ya kigeni, kwa ujira, na mbele ya hadhira ambayo haitarudi. Huo ni usimulizi wa kirongozi, yaani mtu anayewapitisha wageni njiani kwa siku moja huku akiwaeleza kile wanachokiona.

Makala haya yanamtazama kirongozi mmoja wa aina hiyo, kijana mzaliwa wa Lindi, mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera jijini Nairobi. Swali linaloyaongoza ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mtu anapolipwa ili asimulie nyumbani kwao, anauza nini, na anabaki na nini?

Neno kirongozi ni la kale kuliko utalii. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, kirongozi, ambaye wasafiri wa Kizungu walimwandika pia kirangozi, ndiye aliyetangulia mbele ya wapagazi akiwa na bendera. Alijua njia, na kwa kuwa alijua njia, alijua pia cha kumwambia bwana wa msafara na cha kumficha. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India na baadaye akarejea Unguja, alifuatana na Burton na Speke kuanzia mwaka 1857, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871, na hatimaye na Cameron katika safari iliyovuka bara zima. Mwaka 1876 alitunukiwa nishani ya fedha na Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza. Pamoja na hayo yote, Bombay hakuacha kitabu. Sauti yake imo ndani ya vitabu vya watu aliowaongoza, ikiwa imetafsiriwa, imefupishwa, na mara nyingine imechekwa.

Ilipofika mwaka 1901, Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyiko ulioitwa Safari za Wasuaheli, na humo wasafiri wa aina ya Bombay wakapata nafasi ya kusema kwa urefu na kwa Kiswahili. Miongoni mwao ni Selim bin Abakari, aliyesimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Mtu aliyezoea kutazamwa ndiye sasa anayetazama: jinsi wenyeji wa huko wanavyokula, wanavyoabudu, wanavyoishi na baridi. Lakini hata masimulizi hayo yalitungwa kwa kuombwa na mgeni, yakachapwa kwa ajili ya msomaji wa Kijerumani aliyetaka kujifunza lugha. Ni dhahiri, basi, kwamba kirongozi wa Lindi hakuzuka jangwani. Anao ukoo, na urithi wa ukoo huo ni tatizo moja lisilokwisha: masimulizi yake yanaanza pale mgeni anapoyaagiza.

Lindi inayozungumziwa hapa si mji wa bandari wa kusini mwa Tanzania, ingawa jina ni lile lile. Ni kijiji ndani ya Kibera, upande wa bonde linaloteremkia Bwawa la Nairobi. Wakazi wenyewe hukiita kijiji, na serikali pia hukiita hivyo, japo hakina shamba wala zizi. Ardhi ya Kibera ilikaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, nao wakaiita Kibra, maana yake msitu katika lugha yao. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza ekari 4,197 kuwa hifadhi ya kijeshi. Karibu karne nzima baadaye, mwaka 2017, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Baina ya tarakimu hizo mbili ndimo ilimo historia ya waliofika kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na kwingineko kutafuta kazi. Ya wenye nyumba wasio na hati. Na ya wapangaji wa wenye nyumba hao, ambao ndio wengi.

Desturi ya wenye nacho kwenda kuwatazama wasio nacho nayo haikuanzia hapa. Katika miaka ya 1880 matajiri wa London walikuwa wakizuru mitaa ya East End kwa udadisi na kwa huruma, na si rahisi kuvitenga viwili hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziara za kuongozwa zilianza katika mtaa wa Rocinha mjini Rio de Janeiro. Kibera ilijulikana zaidi ulimwenguni baada ya filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005, ambayo sehemu yake ilipigwa humo. Seneta Barack Obama alifika mwaka 2006. Januari 2007, Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa Kongamano la Jamii la Dunia, wajumbe wengi waliomba kupelekwa Kibera, na mwezi huo huo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, akafika pia. Ziara za kulipiwa zikawa kazi ya watu. Mwaka 2010 Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, aliandika katika gazeti la The New York Times akizipinga vikali, hoja yake kuu ikiwa kwamba zinaufanya umaskini kuwa tamasha: mgeni huondoka na picha, mwenyeji hubaki na alivyokuwa, isipokuwa amepungukiwa na hadhi.

Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Udhaifu wake kwa mhakiki wa fasihi ni mmoja tu: inamwona mgeni na inamwona mwenyeji anayetazamwa, lakini haimwoni yule aliye katikati, ambaye ni mwenyeji na ambaye anasema.

Kijana wa Lindi aliyasoma maneno fanani na hadhira akiwa kidato cha tatu, katika somo la Kiswahili, na anayakumbuka kwa sababu yalikuja katika mtihani. Hakuendelea na masomo baada ya kidato cha nne. Aliuza maji, akabeba mchanga katika mijengo, akasukuma mkokoteni Soko la Toi, kisha rafiki yake akamwingiza katika kampuni ndogo ya vijana waliokuwa wakiongoza wageni. Miezi miwili ya kwanza alitembea nyuma ya kundi, kazi yake ikiwa kuhakikisha hakuna mgeni anayebaki nyuma wala simu inayopotea. Hapo nyuma ndipo alipojifunza matini. Aliisikia mara nyingi kiasi cha kuijua kama mtoto anavyoijua hadithi ya sungura na fisi, na alipopewa kundi lake la kwanza hakuhitaji karatasi.

Matini hiyo ina mianzo yake. Badala ya paukwa na pakawa, mna kanuni tatu zinazotamkwa karibu na soko kabla ya mguu wa kwanza kuingia: mgeni asimpige mtu picha bila ruhusa, asigawe pesa wala peremende kwa watoto, aulize lolote. Kisha mna mafunzo ya maneno matatu: jambo, asante, na pole. Neno la tatu huelezwa kwa mapana zaidi, kwa kuwa wageni wa Kiingereza huliona kuwa ni kuomba radhi. Kirongozi huwaambia kwamba anayesema pole hakiri kosa. Anamwambia mwenzake kwamba ameuona mzigo wake.

Baada ya mianzo hufuata vituo. Kuna karakana ambamo mifupa ya ng'ombe huchongwa kuwa shanga, vipuli na vifungo. Kuna choo cha jumuiya chenye mtambo wa gesi, na hapo kirongozi hueleza kwa kicheko kidogo jinsi chai inavyochemshwa kwa kile ambacho watu hawapendi kukitaja. Kuna shule. Kuna mahali pa juu kwenye reli, ambapo mabati yote huonekana kwa pamoja na ambapo wageni wote hutoa kamera. Hapo kirongozi hukumbusha kwamba Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, reli hiyo iling'olewa na vijana waliokuwa na hasira. Mwisho huwa nyumba ya mwenyeji, ambamo wageni hukaa kitandani na kwenye vigoda, wakauliza kodi ni kiasi gani na watoto hulala wapi.

Mpangilio huu si mali ya Kibera peke yake. Mgeni anayeondoka asubuhi jijini Ho Chi Minh kwenda mashambani mwa Vietnam, kwenye delta ya mto Mekong, hupitishwa katika mfuatano unaofanana nao sana: mashua huko My Tho, karakana ya peremende za nazi huko Ben Tre, chai yenye asali chini ya paa la makuti, wimbo mfupi, kisha jioni basi la kurudia mjini. Pale mashamba na mifereji, hapa mabati na reli. Lakini kiunzi ni kimoja. Mgeni huonyeshwa watu wakifanya kazi kwa mikono yao, hukaribishwa ndani, hununua kitu kidogo, na hurejea kabla ya giza. Kiunzi hicho kimejengwa juu ya ahadi kwamba siku moja inatosha kukijua kijiji.

Katika kiunzi hicho kirongozi ana uhuru mdogo, na uhuru huo ndio sanaa yake. Mfano mzuri ni tarakimu. Kwa miaka mingi ilisemwa na kuandikwa kwamba Kibera ina watu milioni moja na kwamba ni mtaa mkubwa wa mabanda kuliko yote Afrika. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Kijana wa Lindi anazijua tarakimu zote mbili. Akiwa na wageni wanaoandika, huitaja ya sensa. Akiwa na wageni waliochoka na jua, huitaja milioni, kwa sababu milioni hunyanyua vichwa. Mhakiki anaweza kuuita uongo. Lakini hakuna mtambaji aliyewahi kumpunguza zimwi ili alingane na vipimo, na hadhira iliyolipia milioni haifurahii kupewa laki moja na sabini elfu.

Jambo la pili lililo katika uhuru wake ni kimya. Nyumba ya mwenyeji anayowapeleka wageni haikuwa kwao. Ilikuwa ya mama mmoja aliyekubaliana na kampuni, akawa hupewa sehemu ya malipo. Nyumba ya mama yake kirongozi ilikuwa hatua zisizozidi mia moja kutoka hapo, kwenye kichochoro kingine, na kwa miaka minne hakuna mgeni aliyeambiwa kwamba ipo. Aliposimulia, alisema "watu wa hapa" na "mama wa hapa", hakusema "sisi" wala "mamangu". Akiulizwa alikozaliwa, alinyoosha mkono kuelekea bondeni, mkono ukaonyesha mabati elfu kwa mara moja. Hilo halikuwa neno la uongo. Ilikuwa ni tafsida ya mkono.

Ni rahisi kusema kwamba aliona haya. Yeye mwenyewe hueleza vingine. Mama yake ni mpangaji wa chumba kimoja, mtu wa Magharibi aliyefika Nairobi akiwa msichana, na hukaanga mandazi mlangoni tangu alfajiri. Kijana alihofu kwamba siku mama atakapoingia katika matini, atatoka akiwa amegeuka. Atakuwa mhusika. Maisha yake yatapimwa kwa maswali yale yale matatu ya kodi, vitanda na maji, na usiku kijana atakaporudi nyumbani atamkuta amekaa pale alipoachwa na sentensi yake mwenyewe.

Kimya hicho kilivunjwa na mvua. Ilikuwa msimu wa masika, na mtaro ulio kati ya shule na nyumba ya mwenyeji ulifurika kabla ya saa nane mchana. Kundi lilikuwa la watu watano, mmoja wao mwanamke wa makamo kutoka Uholanzi aliyevaa viatu visivyofaa. Njia ya kurudi juu ilikuwa tope tupu. Kijana aligeuka kuingia kichochoro alichokiepuka miaka minne, na mtu wa kwanza kuwaona akawa mama yake, aliyekuwa akiondoa karai mlangoni lisijae maji.

"Waambie waingie," alisema. "Mvua haimuulizi mtu ametoka wapi."

Waliingia. Mama aliwapa wageni kitanda, akampa mwanawe kigoda, akachemsha chai ya rangi yenye tangawizi. Kijana, kwa mazoea, alianza matini ya nyumba: vipimo vya chumba, bei ya mtungi wa maji wa lita 20, idadi ya watu waliolelewa humo. Alipofika kwenye kodi mama akamkatiza.

"Ngoja kwanza, baba. Wewe unawaambia yangu. Ya kwao nitaambiwa na nani? Huyu mama aliye karibu na mlango, muulize kama mamake yuko hai."

Kijana aliuliza. Mgeni alijibu kwamba yuko hai, ana miaka 86.

"Anakaa na nani?"

Hapo kirongozi alisita. Katika miaka minne alikuwa amejenga hazina ya maneno ya kutoa habari za Lindi kuzipeleka nje. Hakuwa na hata neno moja lililowekwa tayari kwa habari za kuingia. Alitafsiri jibu polepole. Mama wa mgeni anakaa katika nyumba ya kulelea wazee. Anaangaliwa na wauguzi. Bintiye humtembelea Jumapili, kwa mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Na chakula humpikia nani?"

"Watu walioajiriwa, Mama."

Mama alimtazama yule mwanamke kwa kitambo. Kisha akasema, "Pole sana, mama," na neno hilo halikuhitaji mkalimani, kwa kuwa mgeni alikuwa amefundishwa maana yake asubuhi ile ile. Mgeni aliitikia, "Asante." Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Hakuna aliyepiga picha, wala hakuna aliyekatazwa.

Tukio hilo dogo linastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu linapindua kila uhusiano uliopangwa na ziara. Hadhira imekuwa matini. Mhusika amekuwa mhoji. Fanani amebaki mkalimani tu, na ukalimani wake umemtoa katika ulinzi wa maneno aliyoyazoea. Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba mama amewaaibisha wageni. Alifanya kile ambacho mwenyeji yeyote hufanya mgeni anapoingia: kumuuliza habari za kwao, na kumpa pole panapohitajika pole. Kilicho cha ajabu ni kwamba katika muda wa miaka minne, na katika makundi yote yale, utaratibu wa ziara haukuwa na mahali pa jambo hilo la kawaida. Mgeni alikuwa na haki ya kuuliza lolote. Kanuni ya tatu ilisema hivyo. Hapakuwa na kanuni iliyosema kwamba naye ataulizwa.

Jioni ile kwenye bomba la maji mama aliwasimulia majirani. Kijana alimkuta katikati ya kisa, akasikia kwamba saa mbili za gari zimekuwa safari ya siku nzima, na kwamba yule bibi wa miaka 86 hana hata jirani wa kumwazima chumvi. Alitaka kumsahihisha. Mama alimwambia, "Wewe unasimulia yako kule mbele. Mimi nasimulia yangu hapa." Majirani walicheka, na kisa kikaendelea. Kwa juma zima watu wa kichochoro kile walimuuliza kijana habari za "yule Mzungu wa mama yake", kama mtu anavyoulizia mgonjwa wa nyumba ya pili. Alikuwa akiongeza milioni kwa faida ya wageni. Sasa aliwaona wageni wakiongezwa chumvi kwa faida ya Lindi, na akatambua ufundi ni mmoja na ameurithi kwa nani.

Kampuni nayo ilipata habari. Wageni wote watano, walipoombwa maoni yao, walisema kwamba sehemu bora ya siku ilikuwa mvua. Mwenye kampuni akamwita kijana: kituo hicho kiwe cha kudumu, Jumanne na Jumamosi, na mama atapewa sukari na unga kama shukrani. Kijana aliupeleka ujumbe nyumbani kwa sauti ya mtu asiyetaka kuusikia akiutamka. Mama alikuwa akikanda. Hakuacha kukanda.

"Mgeni anayekuja kila Jumanne na kila Jumamosi si mgeni," alisema. "Huyo ni mpangaji. Na mpangaji hulipa kodi, mwanzo wa mwezi, si sukari."

Mwenye kampuni alicheka, kisha akaona kwamba si mzaha, kisha akaacha kucheka. Makubaliano hayakupatikana. Kituo cha mwisho kikabaki kwa yule mama wa kwanza, na safari za Jumamosi akapewa kirongozi mwingine kwa miezi miwili. Hasara hiyo haikuwa ya kijana peke yake, maana fedha za Jumamosi ndizo zilizokuwa zikikamilisha kodi ya chumba hicho hicho cha mama. Alilijua hilo alipokuwa akikanda. Heshima aliyoitetea ilikuwa na bei, naye aliilipa kwa mandazi: aliongeza karai la pili, akaanza kuamka saa tisa za usiku.

Msomaji atakayetaka kuona katika kisa hiki ushindi wa mwenyeji dhidi ya mtalii atakuwa ameharakisha. Mama hakukataa wageni. Alikataa kuwapokea kwa jina lisilo lao. Kauli yake inategemea tofauti ambayo Kiswahili kimeihifadhi katika methali zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa ujio wa mgeni ni baraka kwa pande zote mbili, kwa sababu mgeni huja na kitu, ijapokuwa ni habari tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hapa ugeni una kikomo, na kikomo hicho si mlango bali ni kazi. Anayekaa huingizwa shambani pamoja na wenyeji. Utalii wa siku moja umejengwa ili siku ya tatu isifike kamwe. Kampuni ilipotaka ziara ziwe za kudumu, ilitaka siku ya kwanza irudiwe mara mia bila jembe kutajwa. Mama alihesabu siku hizo, akaona kwamba zimepita tatu.

Inafaa pia kuzingatiwa kwamba aliuchagua mfano wake kutoka katika maisha ya Kibera, si kutoka shambani. Methali inasema jembe. Yeye alisema kodi. Mtu aliyeishi miongo mitatu katika chumba cha kupanga anajua kwamba mjini kinachomgeuza mgeni kuwa mwenzako ni kulipa pamoja nawe, mwanzo wa mwezi, bila kuombwa mara mbili. Huu ni ubunifu wa lugha wa daraja ile ile inayosifiwa madarasani inapotoka kwa washairi wa Lamu na Mombasa, na umetokea juu ya unga wa ngano katika kichochoro ambacho hakina jina kwenye ramani nyingi.

Kuhusu kijana, mabadiliko yake ni madogo na yanasikika tu kwa aliyewahi kumsikiliza kabla. Kanuni zimekuwa nne. Ya nne husema kwamba wenyeji nao wataweza kuuliza, na kwamba asiyetaka kujibu anaruhusiwa kunyamaza, kama wao wanavyoruhusiwa. Mkono bado huonyesha bonde zima akiulizwa alikozaliwa. Wageni wengine huicheka kanuni ya nne, na wengine huanza kufikiri tangu hapo sokoni jinsi watakavyojibu.

Mambo haya yana uzito kwa taaluma pia. Kibera ni miongoni mwa mahali palipotafitiwa sana katika Afrika Mashariki. Wanafunzi wa shahada za uzamili, wa Nairobi na wa ng'ambo, hushuka Lindi na hojaji, wakaandamana na msaidizi mzaliwa wa hapo, wakaingia katika chumba, wakauliza kodi ni kiasi gani na watoto hulala wapi, wakarejea kabla ya giza. Msaidizi huyo hutajwa katika shukrani, aghalabu kwa jina la kwanza. Tofauti baina ya ziara hiyo na ile ya watalii ipo, lakini haimo katika nia njema ya anayeuliza. Watalii nao wanayo. Tofauti itakuwapo pale mtafiti atakapokuwa tayari kuulizwa anakaa na nani mama yake, akaandika jibu hilo katika daftari lile lile, na akarudi jioni kusikiliza jinsi alivyosimuliwa yeye kwenye bomba la maji.

Fasihi simulizi ya Lindi imo zaidi katika simulizi hilo la jioni kuliko katika lile la mchana. Anayetaka kulikusanya atahitaji siku nyingi kuliko moja, na itambidi aulize mapema, kabla hajafungua daftari, kodi ya mwezi ni kiasi gani na hulipwa kwa nani.